Maswali ya Wasomaji: Rezista Ina Omu, na Ina Wati

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu rezista, kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi ambacho hakikosekani ndani ya redio, chaja, king'amuzi wala kidhibiti cha umeme wa jua. Nimechagua sita. Kabla ya kuzijibu naomba tuelewane juu ya maneno mawili: ukinzani ni ule upingaji wenyewe wa mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa omu, rezista ni kifaa kilichotengenezwa makusudi kiwe na ukinzani unaojulikana. Kuna jambo litakalojirudia katika majibu yangu, nalo ni kwamba watu wengi huenda dukani na swali la omu peke yake, ilhali rezista huuzwa kwa omu na kwa wati pia, yaani kiasi cha joto inachoweza kukibeba bila kuungua, na katika zile nilizowahi kuzing'oa zikiwa zimeungua, nyingi ziliangushwa na hilo la pili.

*Ndugu mhariri, mimi ni fundi kijana wa umeme wa jua. Nimefunga taa ndogo nyekundu ya LED kwenye boksi la betri ya volti 12 ili mwenye nyumba ajue kwamba mfumo unafanya kazi. Nilipiga hesabu kama nilivyofundishwa chuoni: volti 12 nikatoa 2 za taa, nikagawanya kwa miliampea 20, nikapata omu 500, kisha nikaweka rezista ya omu 560 ya robo wati. Baada ya miezi miwili rezista imekuwa nyeusi na bodi chini yake imebabuka. Nimeibadilisha mara mbili na hali ni ile ile. Nimekosea wapi?*
*Fundi wa sola, Morogoro*

Ndugu yangu, hesabu yako ya omu ni sahihi, na hata uamuzi wako wa kupanda kutoka 500 hadi 560, ambayo ndiyo inayopatikana dukani, ulikuwa wa busara. Kilichokuponza ni kuliamini jina la betri. Betri ya asidi na risasi inayoitwa ya volti 12 huwa na volti 12.7 hivi ikiwa imejaa na imetulia, lakini jua linapowaka na paneli inapoichaji, kidhibiti huipandisha hadi karibu volti 14.4. Tupige basi hesabu ya wati, yaani volti mara volti gawanya kwa omu, kwa hali zote mbili. Kwa volti 12, rezista yako inabeba volti 10, na 10 mara 10 gawanya kwa 560 ni wati 0.18, kiasi ambacho robo wati inakimudu. Kwa volti 14.4, rezista inabeba volti 12.4, na ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe kisha ukagawanya kwa 560 unapata wati 0.27. Robo wati ni 0.25. Kila siku ya jua kali, kwa saa kadhaa, umekuwa ukiibebesha rezista mzigo uliozidi uwezo wake, na hukuona kwa sababu taa ilikuwa inawaka vizuri tu.

Hapo bado sijataja boksi. Wati zinazoandikwa kwa rezista za kawaida za filamu ni ahadi inayotimizwa pale hewa inayoizunguka isipozidi nyuzi joto 70 za Selsiasi. Joto likipita hapo, mzigo inaoruhusiwa kubeba hupungua hatua kwa hatua hadi kwisha kabisa. Boksi lililofungwa, lililopachikwa ukutani chini ya paa la bati, likiwa na kidhibiti ambacho nacho kinatoa joto lake, ni mahali pabaya kwa rezista inayofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake. Na ubaya huo hufika kileleni saa sita na saa saba mchana, wakati ule ule ambao betri nayo inapanda volti.

Ungeweza kuweka ya omu 560 ile ile lakini ya nusu wati, na tatizo lingekwisha. Mimi ningefanya vingine. Taa za LED za siku hizi zinaonekana vizuri kwa miliampea 5 tu, kwa hiyo weka rezista ya kiloomu 2.2, yaani omu 2,200: hata betri ikiwa na volti 14.4, mkondo utakuwa miliampea 5.6 na joto litakuwa wati 0.07, ambalo robo wati inalibeba bila hata kuhisi. Tena mteja wako atafaidika, maana taa inayokula miliampea 20 usiku na mchana inamaliza karibu nusu ya ampea-saa kila siku, na kwa betri ndogo ya ampea-saa 7 huo si mzigo wa kupuuzwa. Unapoilehemu, iache rezista imeinuka milimita chache juu ya bodi ili hewa ipite chini yake. Na tangu leo jiwekee kawaida ya kupiga hesabu ya wati kwa volti ya juu kabisa inayoweza kutokea, kisha ununue rezista yenye wati mara mbili ya ulizopata.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Katika zoezi la maabara tulitakiwa kuwa na rezista ya omu 50. Nimezunguka maduka matatu nikaambiwa 50 haipo, kuna 47 na kuna 56. Kwa nini watengenezaji waliiruka namba nzuri kama 50 wakachagua hizo? Na je, kuna njia ya kusoma rangi bila kukosea?*
*Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza limewasumbua hata watu wazima, na jibu lake linapendeza mtu akiliona. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza rezista ya omu 47 kamili. Kila moja hupotoka kidogo, na mtengenezaji hutamka kiasi cha kupotoka anachokiruhusu. Zamani kiasi cha kawaida kilikuwa asilimia 10. Sasa chukua daftari uandike: omu 47 ikipotoka kwa asilimia 10 inaweza kuwa popote kati ya 42.3 na 51.7, omu 56 inaweza kuwa popote kati ya 50.4 na 61.6. Unaona kwamba pale ya kwanza inapoishia, ya pili imekwisha anza. Rudi nyuma kwenye 39 uone kwamba nayo inafika 42.9, ikaipokea 47. Kwa hiyo namba 12 zinatosha kujaza nafasi kutoka 10 hadi 100 karibu bila kuacha pengo: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, kisha unaanza tena 100, 120, 150 na kuendelea. Kila namba ni takriban mara 1.21 ya iliyotangulia. Kama wangetengeneza 50 katika safu hiyo, zingekuwapo 47 ambazo ni kubwa kuliko baadhi ya 50, na mnunuzi angelipia tofauti isiyokuwapo.

Omu 50 yako ipate kwa kuunganisha rezista mbili za omu 100 sambamba, yaani mguu wa kwanza kwa wa kwanza na wa pili kwa wa pili. Mkondo unapata njia mbili zilizo sawa, ukinzani unakuwa nusu, na joto linagawanywa kwa zote mbili, hivyo mbili za robo wati zinakupa nusu wati. Mafundi hutumia mbinu hii kila siku.

Kuhusu rangi, zihifadhi kwa mpangilio wake: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Rezista ya mistari minne ina tarakimu mbili, kisha idadi ya sifuri, kisha kiasi cha kupotoka, ambapo dhahabu ni asilimia 5 na fedha ni asilimia 10. Njano, zambarau, nyekundu, dhahabu ni 4, 7, na sifuri mbili: omu 4,700, nayo inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5. Zile za mistari mitano zina tarakimu tatu kabla ya sifuri, na mstari wa mwisho mara nyingi ni kahawia, yaani asilimia 1.

Umeuliza juu ya kusoma bila kukosea, na hapo sitakudanganya: haiwezekani kwa macho peke yake. Chukua rezista ya mistari mitano yenye kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu na kahawia. Ukiisoma kutoka kushoto ni 100 na sifuri mbili, omu 10,000. Igeuze uisome kutoka upande wa pili: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, yaani 120 bila sifuri ya kuongeza, omu 120. Namba zote mbili zipo sokoni na zote ni za asilimia 1. Mstari wa mwisho huachwa mbali kidogo na wenzake ili kukuonyesha mwelekeo, lakini kwenye rezista ndogo umbali huo hauonekani, na chini ya mwanga wa taa ya njano kahawia, nyekundu na chungwa hufanana mno. Soma rangi, halafu ipime kwa mita kabla hujailehemu. Wala usiziguse ncha zote mbili kwa vidole wakati wa kupima rezista kubwa za kiloomu mamia, maana mwili wako nao ni njia ya mkondo na utapata namba ndogo kuliko ya kweli.

*Redio yangu inakwaruza kila nikiongeza au kupunguza sauti. Fundi alibadilisha volyumu, mikwaruzo ikaisha, lakini sasa nikiigusa kidogo tu sauti inaruka juu, na nikiendelea kuzungusha hakuna kinachoongezeka. Je, alinifungia kifaa kibovu?*
*Msikilizaji, Dodoma*

Kifaa si kibovu, ila ni cha aina isiyofaa kwa kazi hiyo. Volyumu ni rezista inayobadilika, ambayo vitabuni huitwa potenshiomita: ndani yake kuna njia ya kaboni iliyopindwa kama kwato la farasi na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi na kuchakaa kwa njia hiyo ndiko kulikoleta mikwaruzo ya mwanzo, na mara nyingi dawa ya kusafishia kontakti ingetosha. Sikio la binadamu halisikii nguvu ya sauti kwa hatua zilizo sawa. Ili tusikie inapanda taratibu, ukinzani lazima uongezeke kidogo kidogo mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Potenshiomita za namna hiyo zinazouzwa sasa huandikwa kwa herufi A, kwa mfano A50K, na zile ambazo ukinzani wake huongezeka kwa usawa huandikwa B. Ulifungiwa B. Kwa kuwa vifaa vya zamani vya Ulaya havifuati herufi hizo, fundi wako aweke kitasa katikati kabisa na kupima kutoka mguu wa kati hadi mguu wa upande wa sauti ya chini: ya usawa itaonyesha karibu nusu ya omu zote, na ya sauti itaonyesha kama moja ya kumi au zaidi kidogo.

*Assalamu alaikum. Mimi ni mama muuza vitambaa, king'amuzi changu kilizimika siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Nilikipeleka kwa fundi, akakirudisha kinafanya kazi. Mwanangu anayesoma ufundi alikifungua akasema kuna rezista imetolewa na mahali pake pamewekwa kipande cha waya. Nilipomuuliza fundi alisema ile rezista ilikuwa ya omu 10 tu, si kitu. Nikiendelea kukitumia kuna ubaya?*
*Mama, Unguja*

Wa alaikumu salamu, mama yangu. Ubaya upo, na ninakuomba usikichomeke tena ukutani mpaka kirekebishwe. Kijana wako ameona vizuri.

Rezista ya omu chache iliyokaa pale umeme wa ukutani unapoingilia ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza ule mshtuko wa mkondo unaoingia kwa sekunde ndogo sana unapowasha kifaa. Ya pili ndiyo iliyomo moyoni mwa barua yako: rezista hiyo imetengenezwa ili ikatike. Ni rezista na ni fyuzi kwa pamoja, imepakwa ganda lisiloshika moto, na ndani ya kifaa ikitokea hitilafu itakayovuta mkondo mwingi, yenyewe hukata njia upesi bila kutoa ndimi za moto. Siku umeme uliporudi kwa kishindo, ilifanya hivyo hasa. Iliungua ili nyumba isiungue. Kuweka waya mahali pake ni kuondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. King'amuzi kinawaka kwa sababu waya unapitisha mkondo, lakini kishindo kijacho kitakutana na dayodi, vile vidude vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu, na njia nyembamba za shaba juu ya bodi, na plastiki ya kasha. Maneno "omu 10 tu" yananisikitisha sana nikiyasikia kwa fundi, kwa kuwa udogo wa omu zake hausemi chochote juu ya uzito wa kazi yake.

Mwambie akurudishie rezista ya omu zile zile, wati zile zile, na ya aina ile ile inayokatika bila kuwaka. Ya kaboni ya kawaida haifai hata kama omu zinalingana, kwa sababu hiyo inaweza kuwaka kabla ya kukatika. Akague pia kama kuna kidude cha mviringo, bapa kama sarafu, mara nyingi cha bluu, karibu na hapo. Hicho ni varista, ndugu wa rezista, kilichotengenezwa kwa chembe za oksidi ya zinki. Kwa volti 230 za kawaida kinakaa kama hakipo, ukinzani wake ni mkubwa mno. Volti zikipanda ghafla, ukinzani wake unaporomoka na kishindo kinapitia kwake badala ya kuingia ndani. Kila kishindo kinakichosha kidogo. Kikiwa kimepasuka au kina doa jeusi, nacho kibadilishwe, kwani kimekwisha fanya kazi yake.

*Ndugu mhariri, nawafundisha wanafunzi Kanuni ya Ohm, ile ya volti kuwa sawa na mkondo mara ukinzani. Tulichukua balbu ya zamani ya waya, wati 60 kwa volti 230, tukakokotoa ukinzani tukapata omu 882. Tukaipima kwa mita ikaonyesha omu 63. Darasa likacheka, nami sikuwa na jibu. Mita yetu ni nzima.*
*Mwalimu wa fizikia, Iringa*

Mwalimu mwenzangu, namba zote mbili ni sahihi, na darasa lako lilipata somo zuri kuliko lililokuwa limepangwa. Mita inapima waya wa balbu ukiwa baridi, kwa mkondo mdogo ambao hauwezi kuupasha moto. Hesabu yako ni ya waya huo huo ukiwa unang'aa kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Waya ni wa metali iitwayo tangsteni, na ukinzani wa metali safi hupanda kadiri joto linavyopanda. Kwa tangsteni kutoka ubaridi hadi kung'aa ni kama mara 13 hadi 15. Ndiyo maana balbu nyingi hufa wakati wa kuwashwa: mara unapobonyeza swichi, omu 63 zinakutana na volti 230 na mkondo unakuwa zaidi ya ampea 3.5, wakati balbu ikishawaka inahitaji robo ya ampea tu.

Waambie pia kwamba Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari huko Cologne, Ujerumani, alipoanza majaribio yake kwa nyaya za urefu mbalimbali, na kwamba alijua vizuri ubaya wa joto. Betri za wakati wake zilibadilika volti njiani, kwa hiyo alitumia metali mbili zilizoungwa pamoja, kiungo kimoja kikiwa kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, ili apate chanzo cha umeme kisichoyumba. Aliyachapa matokeo yake mwaka 1827 na yakapokewa kwa ubaridi nchini mwake. Mwaka 1841 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ikamtunukia medali ya Copley. Kanuni yake inasimama pale joto la waya linaposimama.

Mkitaka waya usiokuwa na tabia ya balbu, pimeni pasi ya umeme ya wati 1,000. Hesabu itawapa omu 53, na mita, pasi ikiwa baridi, itawapa namba iliyo karibu sana na hiyo. Waya wake ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli kama asilimia 80 na kromiamu asilimia 20, uliopatiwa hataza na Albert Marsh nchini Marekani mwaka 1906, na ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Upande wa pili kuna vifaa vinavyotengenezwa makusudi vibadilike. Thamista iliyomo kwenye friji hupoteza omu kadiri joto linavyopanda na ndiyo inayoliambia friji lini liwake, na rezista ya mwanga hushuka kutoka mamilioni ya omu gizani hadi mamia machache juani, nayo hutumika kuwashia taa za nje jioni. Nunueni moja ya mwanga, ifunikeni kwa kiganja huku mita ikisoma, wanafunzi hawatasahau.

*Mhariri, mimi ni fundi wa redio wa siku nyingi. Nimeletewa amplifaya ya stereo ya zamani, upande mmoja umekufa. Kuna rezista mbili zimeungua hadi rangi hazisomeki, na mchoro wa saketi sina. Nitajuaje omu zake? Na nikizipata, niweke za aina gani, maana dukani kuna za kaboni, za filamu ya metali na zile nyeupe za kauri?*
*Fundi, Bukoba*

Fundi, wewe una umri wa kunifundisha, lakini umeuliza, nami nitajibu kwa heshima. Unaye shahidi hapo hapo mezani: amplifaya ya stereo ni mapacha wawili juu ya bodi moja. Nenda upande ulio mzima, tafuta rezista iliyokaa mahali pale pale, uisome na uipime. Inyanyue mguu mmoja kutoka kwenye bodi kabla ya kuipima, la sivyo utakuwa unapima pia kila kilichounganishwa nayo na namba itatoka ndogo. Na kabla ya hayo yote hakikisha kapasita kubwa za chanzo cha umeme, vile vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuzima, zimemwaga umeme wake. Zimwage kupitia rezista ya waya ya kiloomu 2.2 ya wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya zenye kihami, hadi mita ionyeshe karibu volti sifuri. Kuzishikanisha miguu kwa bisibisi hutoboa bodi na huweza kuharibu kapasita yenyewe.

Kama upande wa pili nao ungekuwa umeungua, kuna njia ya wazee. Rezista ya filamu huungua mahali pamoja katikati. Kwangua rangi taratibu hadi kwenye doa la kukatika, pima kutoka mguu wa kushoto hadi ukingoni mwa doa, kisha kutoka mguu wa kulia, ujumlishe, halafu uchukue namba ya safu ya kiwandani iliyo juu kidogo ya jumla hiyo.

Kuhusu aina, anza na hizo nyeupe. Ndani ya pande la kauri kuna waya uliozungushwa, na nje hujazwa sementi. Hubeba wati 5, 10 na zaidi, na ndizo zinazokaa kwenye miguu ya transista kubwa za sauti, vile vifaa vya miguu mitatu vinavyokuza sauti, mara nyingi zikiwa za omu 0.22 au 0.33. Kwa kuwa waya wake umezungushwa kama koili, usiziweke kwenye sehemu ya redio inayonasa mawimbi ya masafa ya juu. Rezista za kaboni zilizofinyangwa, zile nene za hudhurungi zilizojaa kwenye redio za zamani, hunyonya unyevunyevu na omu zake hupanda kadiri miaka inavyopita, na kwa mtu anayefanya kazi kando ya ziwa kama wewe naamini umeshakutana na ya kiloomu 100 inayosoma 140. Usizirudishe. Za filamu ya kaboni, ambazo kwa kawaida zina rangi ya maziwa yenye chai, ni za bei nafuu na zinatosha kwa kazi nyingi. Za filamu ya metali, ambazo mara nyingi ni za bluu, hazihamahami kwa joto na hazina mvumo mwingi, kwa hiyo ziweke mwanzoni kabisa mwa amplifaya, pale sauti ikiwa bado ndogo, kwa sababu mvumo wowote unaozaliwa hapo hukuzwa pamoja na sauti hadi kwenye spika.

Nilipokuwa mwanagenzi, fundi aliyenilea alinishika mkono siku nilipokuwa nalehemu rezista mpya mahali pa iliyoungua. Akaniuliza nani aliichoma. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona jeusi nikaleta jipya. Aliniwekea mita juu ya transista iliyokuwa jirani yake, na kumbe miguu miwili ilikuwa imeshikana kabisa, omu sifuri. Rezista yangu mpya isingedumu sekunde tatu. Harufu ile ya rangi iliyoungua, kali na yenye utamu wa ajabu, mpaka leo nikiinusa mkono wangu unatafuta transista kwanza. Rezista hubeba mkondo inaoletewa. Ikiungua, kuna aliyeuleta. Kwa hiyo pima transista za upande uliokufa, pima dayodi, pima kapasita zilizo karibu, na usiwashe hadi umpate mwenye kosa.

Siku ya kuwasha, usichomeke moja kwa moja. Chukua ile balbu ya waya ya mwalimu wa Iringa, ya wati 60 au 100, uiunganishe kwa mfuatano na waya wa moto wa amplifaya, yaani mkondo upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya, viungo vyote vikiwa vimefunikwa vizuri. Spika usizifunge bado. Kama hakuna hitilafu, balbu itang'aa kwa kitambo kifupi kapasita zinapojaa, kisha itafifia, ukinzani wake utashuka, na amplifaya itapata karibu umeme wake wote. Kama kuna mahali pameshikana, balbu itawaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ukinzani wake utapanda hadi mamia ya omu, na mkondo utazuiwa kabla haujafika kwenye rezista zako mpya. Ikibaki imewaka, chomoa, mwaga umeme wa kapasita, urudi kwenye transista.